Mchezaji wa Kikapu na Mashabiki Wake: Mwongozo wa Ukarimu Wenye Utaratibu

Mashabiki ndio wanaolipa mshahara wa mchezaji wa kikapu wa kulipwa, na hata asiyewahi kushika tiketi yumo katika hesabu hiyo. Kijana wa Litumbandyosi, kata ya Wilaya ya Mbinga, anayetazama vipande vya mechi kwa bando la siku kwenye simu ya kaka yake, anaongeza idadi ya watazamaji ambayo ligi huiuza kwa watangazaji wa biashara. Kwa sababu hiyo wema wa mchezaji kwa mashabiki hauwezi kuachwa utegemee ameamkaje siku hiyo. Ni sehemu ya kazi, na kazi huandaliwa, hufanywa kwa wakati, huwekewa kumbukumbu, na anayeiharibu huulizwa.

Mwongozo huu unawahusu wachezaji, viongozi wa klabu na wenyeji wanaowapokea: walimu wa michezo, wakuu wa shule, watendaji wa vijiji na kata. Umelenga zaidi Mbinga na mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, ambako mchezaji wa kulipwa ni mgeni wa nadra na neno lake moja hukumbukwa miaka mingi.

Tanzania ina jina moja linalotajwa kabla ya mengine. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Alichokifanya uwanjani kimebishaniwa vya kutosha na hakuna haja ya kukirudia hapa. Kwa anayesimamia wachezaji, jambo la kuzingatia ni kwamba nchi yenye jina moja la aina hiyo hulipa jina hilo uzito usio wa kawaida. Mchezaji wa klabu ya Dar es Salaam anayefika Mbinga hata kwa likizo hupokelewa kama mwakilishi wa mchezo mzima, atake asitake. Hilo halipatikani katika mkataba wake, lakini ni wajibu wake.

Anachoweza kutoa mchezaji ni cha aina tatu: muda, ujuzi na mali. Wengi huanza na mali kwa sababu inapigwa picha vizuri. Kumbukumbu za Afrika zinaonyesha kwamba ujuzi ndio uliozaa zaidi. Manute Bol, Msudani Kusini mwenye urefu wa mita 2.31 aliyecheza NBA, alitumia sehemu kubwa ya fedha zake kuwasaidia wakimbizi wa nchi yake hadi akabaki na kidogo. Mwaka 2002 alikubali hata kupanda ulingo wa ndondi za maonyesho ili kuchangisha. Lakini miongoni mwa aliyoyafanya, lililokuja kuonekana na dunia nzima halikugharimu fedha nyingi. Nchini Misri aliwafundisha kikapu watoto wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan. Mmoja wao alikuwa Luol Deng. Deng alihamia Uingereza, akacheza miaka mingi Chicago, kisha akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini na kuligharamia kwa fedha zake timu ikiwa haina hata ukumbi wa kufanyia mazoezi nyumbani. Julai 2024 timu hiyo iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Bol alikuwa amefariki tangu 2010.

Ni vigumu kuipanga bajeti ya klabu kwa mtazamo wa miaka 25, na hakuna kiongozi anayetarajiwa kufanya hivyo. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba kila ziara ya mchezaji kwa mashabiki ina saa mbili za mafunzo kabla ya dakika 10 za picha. Utaratibu wa kawaida ni kinyume chake, na watoto hurudi nyumbani wakiwa wamemgusa mgeni bila kujua namna ya kushika mpira.

Mali nayo ina nafasi yake, ikitolewa kwa ustahimilivu. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alianza mipango ya hospitali mwaka 1997, mwaka aliofiwa na mama yake. Jiwe la msingi liliwekwa 2001, ujenzi ukachelewa, na wagonjwa wa kwanza wakapokelewa 2007 katika Hospitali ya Biamba Marie Mutombo yenye uwezo wa vitanda 300. Yeye mwenyewe alichangia dola milioni 15. Miaka takriban 10 kati ya kutamka na kutimiza, na katika miaka hiyo alikuwa bado anacheza, akijeruhiwa, akihama timu. Mkongo mwenzake, Bismack Biyombo wa Lubumbashi, baada ya kufiwa na baba yake mwaka 2021 alielekeza mshahara wake wa msimu huo, zaidi ya dola milioni moja, kwenye ujenzi wa hospitali nchini mwao. Mifano hii haimpi mchezaji wa ligi ya mkoa kipimo cha kiasi. Inampa kipimo cha kushikilia neno.

Hapo ndipo penye uvunjaji mwingi wa maadili, na viongozi wa klabu huunyamazia. Mchezaji akiwa mbele ya watoto 300, kipaza sauti mkononi, mwalimu mkuu pembeni, husikia mwenyewe akisema kwamba mwakani ataleta uwanja wa saruji. Watu hupiga makofi. Mjini kauli ya namna hiyo ina wa kuifuatilia, kwa kuwa mwandishi atauliza na mfadhili atauliza. Huku kwetu kijiji hakina namba ya simu ya klabu, na adabu ya wenyeji huwazuia kumdai mgeni. Ahadi ni deni, na deni la asiyeweza kudai ndilo linalopaswa kulipwa kwanza. Kanuni ya kufuata ni nyepesi: mchezaji asitangaze jambo lolote ambalo klabu haijaliidhinisha kwa maandishi, na likishaidhinishwa litajwe pamoja na tarehe na jina la msimamizi. Asiye na la kutangaza aseme amekuja kufundisha. Hakuna mtoto atakayelala na njaa kwa kukosa kusikia ahadi.

Maandalizi ya ziara huanza na kalenda ya wenyeji. Kwenye vilima vya Umatengo, huko Mbinga, kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na siku za kuchuma familia nzima huwa shambani. Mvua za mkoa wa Ruvuma huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara za vumbi hugeuka utelezi, na uwanja wa udongo haufai kudundia chochote. Kwenye mwambao, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa na hulala mchana, kwa hiyo mkutano wa saa nne asubuhi huwakosa akina baba. Siku za mbalamwezi uvuvi huo hupungua na jioni zao huwa huru. Mwalimu wa eneo anayajua haya yote, na klabu ikimuuliza mapema itaokoa mafuta ya gari.

Mgeni akifika, aanzie ofisi ya mtendaji wa kata, asaini kitabu cha wageni na kueleza shughuli yake, ndipo aende shuleni. Wapo wanaouona utaratibu huu kama urasimu. Kwa kweli ndio unaomlinda mchezaji endapo baadaye litatokea lalamiko, kwa sababu kuna kumbukumbu ya saa aliyofika, aliokuwa nao na alichokuja kukifanya.

Vifaa vinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiko fedha hupotea. Mpira wa ngozi ni wa ukumbini. Kwenye udongo wenye changarawe hukwaruzika na kufumuka upesi. Mpira wa raba hudumu zaidi na bei yake ni nafuu. Watoto wa shule ya msingi hutumia namba 5, wanawake namba 6, wanaume namba 7, na kuwapa watoto wa miaka tisa namba 7 ni kuwafundisha kurusha kwa mabega na kiuno. Kila mpira uende na pampu, na kila pampu iende na sindano kadhaa. Sindano ya kujazia upepo ni ndogo kuliko kijiti cha kiberiti, huvunjikia ndani ya mpira ikiingizwa kavu bila kulowanishwa, na duka la karibu lenye nyingine linaweza kuwa Mbinga mjini. Mipira 12 yenye sindano moja ni mipira 12 ya wiki tatu. Ringi ifungwe kwa kimo cha mita 3.05 kwenye nguzo zilizofukiwa kwa zege, si juu ya mti wa mwembe kama inavyofanyika penye haraka, maana mti hukua na ringi hupinda.

Vifaa vikabidhiwe kwa mkuu wa shule mbele ya kamati au bodi ya shule, kwa hati ya makabidhiano yenye idadi na hali ya kila kitu, kisha viingizwe katika daftari la stoo siku hiyo hiyo. Kumkabidhi mwalimu mmoja mpendwa, hata akiwa mwaminifu, ni kumtwika lawama: akihamishwa kituo, kila kilichopotea kitasemwa amekichukua yeye.

Kuhusu watoto hakuna nafasi ya kujipendelea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, awe na kimo cha mita mbili au la. Mchezaji asikutane na mtoto faragha, asichukue namba yake ya simu, asimtumie ujumbe wa binafsi, na asimbebe kwenye gari bila mzazi au mwalimu kuwepo. Picha nazo zina mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na ridhaa ya mzazi kabla ya kusambaza sura ya mwanawe inapaswa kuwa mazoea ya klabu. Hata sheria isingekuwepo, mtoto aliyepigwa picha akipokea raba huku miguu yake ya pekupeku ikivutwa karibu na kamera amedhalilishwa. Atakapokuwa na miaka 20 picha hiyo bado itakuwa mtandaoni, na yeye hakuulizwa.

Ukarimu una mpaka wake pia, na mchezaji hatakiwi kuuonea haya. Wachezaji wengi wa ligi za Afrika Mashariki hawana mishahara ya NBA; wapo wanaofanya kazi nyingine mchana na mazoezi jioni. Shabiki akiomba ada, nauli au dawa, jibu la heshima ni kusema uwezo ulivyo na kumwelekeza panapohusika. Kukopa ili kutunza sifa ya kutoa ni mwanzo wa matatizo yanayoishia kwenye rushwa.

Kuna zawadi moja ambayo haitolewi kabisa, nayo ni taarifa za ndani. Shabiki anayesuka mkeka wa kubeti atauliza kwa upole kama mfungaji fulani ana maumivu, au kama kocha atampumzisha nani. Swali linaonekana dogo na anayeuliza huenda ni mtu wa nyumbani. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors, na miongoni mwa makosa yake ni kumpa mcheza kamari taarifa za afya yake kabla ya mechi. Jibu linalotosha ni kwamba habari za timu hutolewa na timu.

Adabu hujaribiwa zaidi pale shabiki anapokosa adabu. Novemba 19, 2004, katika mechi ya Indiana Pacers na Detroit Pistons, shabiki alimrushia Ron Artest wa Pacers kikombe cha kinywaji. Artest akapanda jukwaani, vurugu zikazuka, na alifungiwa msimu wote uliobaki. Wachezaji tisa waliadhibiwa. Aliyerusha alikuwa na kosa, na klabu inawajibika kumlinda mchezaji dhidi ya matusi na vitu vinavyorushwa, kwa walinzi na kwa kumfungia shabiki huyo mlango. Hiyo ni haki ya mchezaji na aidai kwa uongozi. Mchezaji mwenyewe anabaki ndani ya mistari ya uwanja.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Haipendezi kumpokea mchezaji kwa risala yenye maombi 15, kuanzia madawati hadi gari la wagonjwa. Mambo ya serikali yapelekwe serikalini, na mgeni aombwe linalohusu mchezo, moja au mawili, yenye makadirio ya gharama. Shule imteue mtu mmoja wa mawasiliano na namba yake iandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Tarehe ya ahadi ikipita kwa mwezi mmoja, mkuu wa shule aiandikie klabu barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kata, nakala kwa afisa wa michezo wa halmashauri, akiambatanisha hati iliyosainiwa. Barua hiyo haina utovu wa adabu wowote. Klabu makini huijibu ndani ya siku 14, hata kama jibu ni kwamba fedha bado hazijapatikana.