Somo la Robo Hii: Bandari za Pwani Yetu na Majengo Tunayoyaomba

Ndugu wanakamati wa sharika, na ninyi wafadhili wetu mnaolisoma jarida hili mkiwa mbali,

Katika robo hii ofisi ya miradi imepokea maandiko matatu yanayoomba fedha za majengo: ghala la mazao, chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki, na soko. Yote yameandikwa vizuri, yana michoro pamoja na makisio ya saruji na nondo. Hakuna hata moja linaloeleza mzigo utafikaje kwenye jengo na utaondokaje. Nilipokuwa nikiyapitia nilizikumbuka bandari zetu, nikaona kuwa kabla ya kuwaandikia barua ya masikitiko ni afadhali tujifunze pamoja.

Pwani ya Tanzania inakadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 1,400 hivi. Katika urefu huo bandari kubwa zimepokezana, moja ikishuka na nyingine ikipanda, na mara nyingi sababu haikuwa bahari.

Tuanze na Kilwa Kisiwani. Majahazi ya Uarabuni na India yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo nahodha aliweza kuimaliza bila kukosa upepo wa kurudia kwao. Lakini utajiri wake ulikuwa dhahabu, na dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala katika pwani ya Msumbiji, ndipo ikaletwa. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 akausifu kwa uzuri. Mwaka 1505 Wareno waliushambulia, na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala. Gati, misikiti na majumba ya mawe vilikuwa vingalipo Kilwa, ila njia ya dhahabu ilikuwa mikononi mwa wengine.

Bagamoyo ni kinyume chake. Maji yake ni mafupi, meli kubwa hukaa mbali na ufuko. Hata hivyo katika karne ya 19 ulikuwa mji mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, yenye pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, watumwa. Mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapo mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara. Jahazi liliweza kukaa mchangani maji yakipwa. Meli ya mvuke haikuweza. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891.

Hiyo Dar es Salaam nayo ina kisa chake. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga katika miaka ya 1860 kwa sababu ya maji yake marefu yaliyokingwa na upepo. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuendeleza kazi ile, na kwa miaka kama kumi na saba hivi majengo yakabaki yakibomoka. Maji marefu yalikuwapo palepale tunapopaona leo tukisimama mbele ya kanisa la Azania Front. Kilichokosekana ni njia ya kwenda bara. Ujenzi wa reli ya kati ulianza mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama bandari ile ina kazi. Tanga reli yake ilianza mapema zaidi, mwaka 1893, na mkonge ukaifuata.

Sasa Mtwara, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mradi wa Karanga: zaidi ya ekari milioni tatu zilimwe, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yaliyochaguliwa. Ili karanga zisafirishwe, ilijengwa reli kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, na bandari ya maji marefu. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Bandari ilikamilika mwaka 1954, karanga zikiwa hazipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Vipimo vya bahari vilikuwa sahihi kabisa. Kilichopimwa vibaya ni udongo na mvua.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya. Gati lile lilibaki, likaja kupakia korosho, na katika miaka ya karibuni limehudumia makaa ya mawe kutoka Ruvuma hata likaongezwa. Mtu anaweza kusema waliojenga waliona mbali. Mimi sikubali, kwa sababu serikali yenye fedha inaweza kungoja miongo kadhaa; usharika hauwezi.

Nayasema haya kwa kuwa nami nimekosea. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipitisha fedha za ghala katika usharika mmoja. Waumini walichanga mchanga, mawe na nguvu zao, na mfadhili akaweka kibao ukutani. Wakati wa masika lori halivuki kijito kilicho kabla ya kijiji, hivyo wakulima waliendelea kuwauzia wachuuzi waliowafuata shambani. Leo ghala lile linatunza viti na maturubai ya harusi. Kalavati la kijito kile lingegharimu pungufu ya nusu ya fedha zile, ila halikuwa na ukuta wa kuwekea kibao. Wafadhili wetu wapendwa, neno hilo ni lenu pia.

Kwa hiyo kila kamati ikae na kujadili: mzigo wetu unatoka kwa nani, ni magunia au kilo ngapi kwa msimu, nani anaubeba sasa na kwa bei gani, na ni mahali gani unapokwama? Waalikeni wachuuzi na madereva, wanajua kuliko sisi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja na kuambatanishwa na andiko.

Maandiko yale matatu sijayakataa. Nitazitembelea sharika hizo wakati wa masika, makusudi, na naomba tutembee pamoja njia yote kutoka shambani na kutoka ufukoni. Njooni na mabuti.