Dondoo muhimu: Maswali ya uwiano, mtihani wa darasa la saba

Kabla ya kukokotoa, jiulize: hiki kikiongezeka, kile kinaongezeka au kinapungua? Hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Bei hupanda pamoja na kilo. Kilo 4 za mchele zikiuzwa shilingi 12,000, kilo 7 zitauzwa shilingi ngapi? Tafuta kwanza bei ya kilo moja, 3,000, ndipo uzidishe kwa 7: shilingi 21,000.

Vibarua ni kinyume. Watu 6 wakilima shamba kwa siku 10, watu 15 watalilima kwa siku ngapi? Ukifuata njia ya mchele utapata siku 25, yaani watu wameongezeka na kazi imechelewa! Zidisha 6 × 10 upate 60, kisha gawanya kwa 15: siku 4.

Gramu na kilo usizichanganye. Na jibu lisome tena pamoja na swali kabla hujaweka kivuli.