Sampuli ya dera na heshima kwa mjomba

Msomaji mmoja, fundi cherehani wa Kariakoo ambaye kwa sasa amefikia kwa mjomba wake mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, China, anaeleza kuwa amebuni dera la mama anayenyonyesha, lenye zipu mbili zilizofichwa kwenye mishono ya kifuani, na anauliza jinsi ya kupata kiwanda cha kumshonea sampuli. Anaongeza kwamba mjomba, anayewasafirishia mizigo wafanyabiashara wa Dar es Salaam, amekwisha kuchukua mchoro na fedha za awali, na kwamba hakumuuliza bei wala aina ya kitambaa, kwa kuwa kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu.

Swali la kiwanda lina jibu fupi. Maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957, yanawafaa zaidi wenye oda kubwa. Sampuli moja hutafutwa wilaya ya Haizhu, penye soko la vitambaa la Zhongda na karakana ndogo za Kangle na Lujiang, vijiji vya zamani vilivyomezwa na jiji, ingawa baadhi ya karakana hizo zimehamia mji wa Qingyuan. Kutoka Xiaobei hadi Zhongda kuna treni ya chini ya ardhi.

Tatizo lenyewe limo katika maneno ya mwisho ya barua. Sampuli ni vazi la kwanza linaloshonwa kwa vipimo kamili ili mbunifu alivae, alifue na alisahihishe kabla ya kuagiza mengi, na ile iliyokubaliwa huwekwa nakala mbili, moja kwa kila upande, ili iamue ugomvi ukitokea. Pasipo kutajwa uzito wa kitambaa, unaopimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, wala urefu wa zipu, karakana itajaza pengo kwa kilicho karibu na rahisi. Mjomba anajua makontena. Hajui zipu inavyomkwaruza mtoto anayenyonya. Kumwachia uamuzi huo ni kumtwisha lawama ya jambo asilolijua, na anayefanya hivyo kisha akasema ni adabu anauficha woga wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakumtenga ndugu. Daftari huwekwa hata baina ya watu waaminifu, kwa sababu kumbukumbu za wawili hutofautiana na fedha haingoji zipatane. Mpwa asiyeuliza leo ataanza kuhesabu moyoni kesho. Atamshuku mjomba bila ushahidi, atalalamika kwa mama yake, na undugu utavunjika kwa jambo ambalo swali moja la mapema lingelimaliza. Kuuliza kwa sauti ya upole, uso kwa uso, ni heshima kubwa kuliko kunyamaza kwa shaka.

Kwa hiyo, kabla ya shilingi nyingine kutoka, inampasa aketi na mjomba, waandike fedha iliyotolewa, tarehe na matumizi yake, kisha amwombe amsindikize Zhongda kama mkalimani, huku yeye mwenyewe akishika vitambaa na kuchagua. Ujira wa mjomba utajwe wazi na ulipwe wote. Saini ya kuikubali sampuli iwe ya aliyelibuni dera.