Uzalendo na Utaifa

Katika mjadala wetu wa muhula huu msemaji mmoja alisema ya kuwa uzalendo na utaifa ni kitu kimoja chenye majina mawili. Wengi tulipiga makofi. Lakini tulipokuwa tukitoka ukumbini, mwenzetu mmoja ambaye babu yake alitoka Bara Hindi aliniuliza, "Je, mimi ni mzalendo au ni mgeni?" Swali hilo lastahili jibu.

Uzalendo ni mapenzi ya mtu kwa nchi yake, nayo huonekana kwa vitendo: kulipa kodi, kutunza mali ya watu wote, kuilinda nchi wakati wa hatari. Utaifa ni fikira kwamba watu fulani ni taifa moja, na kwamba yawapasa wajitawale. Utaifa ndio uliowaunganisha watu wa Tanganyika, wa makabila zaidi ya 120, katika chama cha TANU kilichoanzishwa tarehe 7 Julai, 1954, mpaka wakapata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Kwa hiyo utaifa si jambo baya.

Lakini utaifa huuliza, "Nani ni wetu?" Mtu akijibu vibaya, huanza kuwatenga jirani zake. Mwezi wa Oktoba, 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alikataa kata kata. Alisema uraia ufuate utii kwa nchi, si rangi ya mtu. Na kama Bunge lingeukataa mswada ule, Serikali yake ingejiuzulu. Uhuru ulikuwa umebakiza chini ya miezi miwili! Mswada ukapita.

Wale wajumbe hawakuwa wasaliti. Waliipenda nchi, na watu wao walikuwa wamedharauliwa miaka mingi kwa ajili ya rangi. Kosa lao ni kutaka kuwapimia wengine kwa kipimo kile kile walichopimiwa wao.

Basi mwenzetu nilimjibu hivi: mzalendo hajulikani kwa babu yake, bali kwa kazi yake na uaminifu wake. Nawe msomaji, kabla ya kumwuliza mwenzio ametoka wapi, jiulize kwanza umeifanyia nini nchi yako.