Mhariri Hulipia Nini Anaponunua Uhakiki?

Sina jina. Nani atanilipa nihakiki kitabu?

Jina husaidia, lakini si jina linalolipiwa. Times Literary Supplement ya London, iliyoanza 1902, ilichapisha tahakiki zake bila majina ya wahakiki hadi 1974. Virginia Woolf alianza kuiandikia 1905, miaka kumi kabla riwaya yake ya kwanza haijatoka. Utasema alikuwa binti wa Leslie Stephen, mhakiki mashuhuri, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Ni kweli, kujuana hufungua milango. Ila kujuana hakumfanyi mhariri akutafute mara ya pili. Anakutafuta kwa sababu umeona ndani ya kitabu jambo ambalo wasomaji wengine wamelipita.

Nitalionaje?

Kwa kutumia unachokijua kabla ya kukifungua kitabu. Chukua Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022. Kila msomaji ataona kwamba Yusuf anawekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la babake. Lakini kwa Kiingereza kijana anamwita Aziz "uncle", neno moja linalowameza ami na mjomba. Kiswahili kinakulazimisha uchague: ni ndugu wa baba, au wa mama? ("Anko" ya leo haifai pwani ya zama za riwaya hiyo.) Na Aziz si ndugu hata kidogo, ni mdai, kwa hiyo neno litakalochaguliwa ndilo litakalobeba uongo anaolelewa nao Yusuf. Hapo pana hoja, na mzungumzaji wa Kiswahili ndiye mwenye kuiona kwanza. Ipeleke kwa mhariri kwa aya mbili: kitabu, mchapishaji, tarehe ya kutoka, kisha hoja hiyo moja. "Nimekipenda sana" si hoja. Kama kitabu ni kipya, omba nakala kwa mchapishaji mapema na uandike kwa mhariri kabla hakijaingia madukani.

Magazeti ya Kiswahili yana nafasi finyu. Kwa nini nisilipwe na mwandishi wa kitabu?

Nafasi ni finyu kweli, na uhakiki peke yake haulipi kodi ya nyumba. Lakini anayelipwa na mwandishi anauza sifa, na katika fasihi yetu, ambamo waandishi, wahakiki na wachapishaji wanafahamiana, siri hiyo haikai. Akishajulikana, hata sifa yake ya kweli haiaminiki tena, na anayeumia zaidi ni mwandishi mzuri aliyestahili kusifiwa. Afadhali ujuzi uleule uzae makala mbili tofauti: fupi kwa gazeti la Kiswahili, kuhusu uamuzi wa mfasiri, na ndefu kwa jarida la Kiingereza, kuhusu kinachofichwa na "uncle". Kwa kila moja, kabla hujaandika sentensi ya kwanza, pata kwa maandishi idadi ya maneno, kiasi cha malipo na siku ya kulipwa.