Rangi Yako Ndiyo ya Kuanzia: Jinsi ya Kuchagua Poda na Manukato

Somo la vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni



Somo hili limetokana na swali. Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kibwezi kilikuwa kimeweka akiba ya kutosha kuanza biashara ndogo. Desemba ilikuwa inakaribia, na si mnajua Desemba kwetu ni harusi, ni ruracio, ni watoto kurudi kutoka Nairobi na Mombasa. Wakaamua watauza vitu vya urembo siku za soko. Muuzaji mmoja akawaletea katoni ya krimu kwa bei nafuu. Waliponiita kuwaangalizia hesabu, nilisoma maandishi ya kopo kabla ya kusoma kitabu cha hesabu. Nikawaomba tukae chini tujifunze kwanza.

Kuna watakaosema urembo si kazi ya gazeti la maendeleo. Lakini pesa za kikundi zimo humo, afya ya mama imo, na heshima yake pia imo. Basi tuanze.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanachama aweze:
1. Kuchagua poda, rangi ya mdomo na manukato yanayopatana na ngozi yake.
2. Kutambua krimu ya hatari kwa kusoma maandishi yake.
3. Kushiriki uamuzi wa kikundi kuhusu kitu cha kuuza na kisichofaa kuuzwa.

Muda: saa mbili. Vifaa: kioo, maji na sabuni, pamba safi, leso za rangi mbalimbali, poda walizo nazo wanachama, na makopo matupu ya krimu kutoka nyumbani. Kaeni nje, chini ya mti, karibu na mwanga wa jua.

SEHEMU YA KWANZA: IGIZO

Watu watatu waigize mbele ya kikundi.

MUUZAJI: Chukueni katoni moja tu. Hii inang'arisha kwa wiki mbili. Kabla ya Krismasi mtakuwa mmemaliza yote.
MWEKA HAZINA: Faida ni shilingi mia moja kwa kila kopo. Makopo ni 48. Hiyo ni 4,800! Tangi la maji tutalinunua mapema.
MAMA MZEE: Na hapa pameandikwa nini?
MUUZAJI: Ah, hiyo ni lugha ya huko ilikotoka, mwaitu. Ni dawa ya ngozi tu.
MAMA MZEE: Kama ni dawa, daktari aliyeiandika yuko wapi? Na bibi yako nyumbani, yeye huipaka?
(Muuzaji ananyamaza.)

Maswali ya majadiliano:
- Mmeona nini katika igizo hili? Je, hutokea hapa kwetu?
- Ni nani ametufundisha kwamba mweupe ndiye mrembo?
- Katika biashara hii, nani anapata faida na nani anabeba hasara?

Kwa mwezeshaji: usiharakishe kujibu. Waache waseme. Huenda mmoja wao anatumia krimu hizo sasa hivi. Asichekwe wala asinyooshewe kidole. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilijipaka kwa miezi mitatu, kwa kuwa niliambiwa nitapendeza zaidi siku ya kupokea diploma. Picha ya siku hiyo ninayo bado: uso wa mtu mmoja na shingo ya mtu mwingine.

SEHEMU YA PILI: KILICHOMO KWENYE KOPO

Weusi wa ngozi yetu unatoka kwa chembe ambazo ngozi hutengeneza yenyewe. Chembe hizo ni kama mwavuli: zinapunguza ukali wa jua usifike ndani. Krimu ya kung'arisha inazuia ngozi kutengeneza mwavuli huo. Sasa fikiria mama anayelima ndengu saa sita mchana bila mwavuli.

Vitu vitatu ndivyo vya kuogopa zaidi.

Zebaki. Haya ni madini ya sumu. Hupenya ngozi, huingia katika damu na kuumiza figo. Mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni, na anayenyonyesha humpa kwa maziwa. Jambo hili si geni Kenya. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Kati yao, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka wa 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki vikomeshwe kabisa kufikia 2025. Lakini makubaliano ni kitu kimoja na soko ni kitu kingine.

Haidrokwinoni. Hii mwanzoni inang'arisha kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Ikitumiwa kwa muda mrefu, mashavu na kandokando ya macho hupata mabaka meusi ya rangi kama bluu, na mabaka hayo ni magumu sana kuondoka. Mama aliyetafuta weupe anaishia na weusi ambao hakuzaliwa nao.

Steroidi kali. Hizi ni dawa za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelezo ya daktari. Zikipakwa kila siku, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, chunusi na michirizi hutokea, na vidonda huchelewa kupona. Zikitumiwa kwa wingi zinaweza kupandisha sukari na presha.

Kwenye lebo tafuteni maneno haya kama yalivyo: mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Mwanachama anayejua kusoma awaonyeshe wengine, kila mtu ayaandike kwenye daftari. Kopo lisilo na maandishi ya vilivyomo, au lililojazwa upya, lisiguswe kabisa. Angalieni pia alama ya ubora ya KEBS. Chini yake huwa na nambari ya kibali, na nambari hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe wa simu kwenda 20023.

SEHEMU YA TATU: KUCHAGUA KINACHOPATANA NAWE

Watu wengine husema, "Basi mama asijipambe?" Hapana. Ajipambe, lakini aanzie pale alipo. Poda nzuri ni ile ambayo ukiipaka, watu wanaona uso wako na hawaoni poda.

Zoezi la 1: Kuijua rangi yako. Nawa uso, ukauke bila mafuta. Angalia kwenye kioo ukiwa nje. Kati yetu kuna weusi wa makaa, kuna kahawia ya udongo wa Kitui, kuna maji ya kunde. Halafu, chini ya rangi hiyo kuna nyingine inayochungulia: kwa mmoja ni wekundu, kwa mwingine umanjano kama wa asali, kwa mwingine ubluu kama wa zambarau. Weka leso ya machungwa au ya kahawia karibu na uso, kisha leso ya bluu au ya damu ya mzee. Kikundi kiseme ni ipi inayofanya uso ung'ae na ni ipi inayofanya uonekane umechoka. Hili ni zoezi la kucheka pamoja, na jibu huwa linaonekana wazi.

Zoezi la 2: Poda. Usijaribu poda kwenye kiganja, maana kiganja ni cheupe kuliko uso. Paka kidogo kwenye taya, pale shavu linapokutana na shingo. Ngojea dakika kumi, jasho na mafuta ya ngozi yachanganyike nayo, kisha uangalie ukiwa nje. Taa ya duka hudanganya. Poda ikipotea kwenye ngozi, hiyo ni yako. Ikiacha rangi ya majivu, ni nyeupe mno kwako, hata kama ni ya bei ghali. Poda ya watoto usoni ndiyo inayoleta majivu hayo mara nyingi, na vumbi lake si zuri kuvutwa puani.

Rangi ya mdomo. Angalia sehemu ya ndani ya mdomo wako wa chini. Chagua rangi inayokaribiana na hiyo, au iliyokolea kidogo zaidi. Kwa wengi wetu kahawia, zambarau iliyoiva na nyekundu ya udongo hukaa vizuri. Waridi jeupe jeupe huonekana kama chaki.

Wanja. Tumia wa penseli wenye lebo. Wanja mwingine wa unga usiojulikana ulikotoka huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Wanja na rangi ya mdomo visiazimwe kati ya watu, kwa sababu magonjwa ya macho na vidonda vya mdomo hupita hapo. Siku ya zoezi kila mtu atumie pamba yake.

Mafuta. Ngozi kavu haipokei poda vizuri, na huku kwetu upepo na vumbi la Julai hukausha sana. Mafuta ya kawaida yasiyo na dawa, yakipakwa ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, yanatosha. Wazee wetu walitumia mafuta ya mbarika, yale ya mbaiki. Nunueni yaliyokwisha kukamuliwa, kwa sababu mbegu zenyewe zina sumu. Kitui tuna nta nyingi ya nyuki. Chukua kijiko kimoja cha nta iliyoparwa na vijiko vitano vya mafuta. Weka kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji moto, koroga mpaka nta iyeyuke, mimina kwenye kopo safi lililokauka. Usitie maji, yataozesha. Hii ni ya matumizi ya nyumbani. Mkitaka kuuza, ulizeni KEBS kwanza kuhusu kibali.

Kitu chochote kipya kipakwe kwanza kidogo ndani ya kiwiko, kwa siku mbili. Kikiwasha, kiacheni.

SEHEMU YA NNE: MANUKATO

Manukato hayaangalii weusi au weupe. Yanaangalia kama ngozi ni kavu au ina mafuta, na jinsi jua lilivyo kali. Ngozi kavu hupoteza harufu haraka, kwa hivyo paka mafuta yasiyo na harufu kwanza. Joto linaongeza nguvu ya harufu: matone mawili yanayotosha asubuhi pale Kitui mjini, yatawasumbua wenzako saa saba ndani ya matatu ya kwenda Mutomo.

Usinunue kwa kunusa kifuniko. Paka kwenye kifundo cha mkono, zunguka soko nusu saa, kisha nusa tena. Harufu ya kwanza huruka. Ile inayobaki ndiyo utakayoishi nayo.

Mambo manne ya kukumbuka:
- Manukato mengi yana spiriti. Usijipulizie karibu na jiko linalowaka.
- Wafugaji wa nyuki, siku ya kwenda kwenye mizinga msijipake. Harufu kali huwachokoza nyuki.
- Maji ya ndimu au limau yasipakwe usoni kisha ukaenda juani. Yanaweza kuchoma ngozi na kuacha mabaka.
- Mtu akija kutafuta miti ya msandali katika vilima vyetu, msimwonyeshe. Mafuta yake hutengenezea manukato, nao huing'oa na mizizi. Kenya ilipiga marufuku ukataji wake mwaka wa 2007. Anayekamatwa ni mwanakijiji, na aliyemtuma hayupo.

SEHEMU YA TANO: ALIYEKWISHA KUTUMIA

Asikate tamaa wala asijifiche. Aende kituo cha afya akiwa na kopo lenyewe mkononi. Kama ametumia steroidi kwa muda mrefu, asiache ghafla bila ushauri, kwa sababu uso unaweza kuwaka na kuvimba. Akiona miguu au uso umevimba, au mkojo una povu, aende siku hiyo hiyo. Krimu yenye zebaki isichomwe wala isitupwe chooni. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, apewe afisa wa afya ya umma.

NENO LA MUNGU

Msomaji asome Wimbo Ulio Bora 1:5-6, na baadaye Yohana 12:1-8. Katika somo la kwanza, mwanamke aliyechomwa na jua shambani anaitaja rangi yake bila kuona haya. Katika la pili, Yesu anapokea manukato ya thamani kubwa na kumtetea mama aliyeyaleta. Jadilianeni: Mungu anaionaje rangi aliyotuumba nayo? Kujipamba kwa heshima na kujikana, tofauti yake ni nini?

MPANGO WA KUTENDA

Kile kikundi cha Kibwezi kilijadiliana mpaka jua likatua. Mweka hazina alilia, maana aliliona tangi likienda. Ndipo mama mmoja akasimama akasema, "Mimi binti yangu ndiye angekuwa mteja wetu wa kwanza." Katoni ikarudishwa. Wakaanza na mafuta ya kawaida, poda za rangi tatu za kahawia, na kioo kimoja kikubwa ambacho mteja hujiangalia akiwa nje juani. Faida ni ndogo na tangi bado halijanunuliwa. Lakini kila siku ya soko wateja wanarudi.

Sasa ninyi andikeni katika kitabu cha kumbukumbu:
1. Ni vitu gani vya urembo tunavyouza au kununua sasa? Nani atasoma lebo zake, na lini?
2. Ni nani atazungumza na wasichana wetu wa shule kabla ya likizo?
3. Ni kitu gani hatutakiuza hata faida iwe kubwa namna gani?

Sheria ya kikundi iwe nyepesi kukumbukwa: usimuuzie jirani kile usichoweza kumpaka mtoto wako.