Boksi Jipya, Picha Mbaya: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila mwaka bonasi ya majani chai ikitoka, simu yangu hailali. Watu wa Roret, Litein na Kapkatet, huku Kericho, na hata upande wa Bomet hununua runinga kubwa pamoja na boksi la kutazamia filamu na mechi mtandaoni. Siku si nyingi naitwa. "Fundi, njoo uone. Ile ya zamani ilikuwa afadhali." Nafika, nainama nyuma ya runinga, na mara nyingi sitoi hata bisibisi. Boksi limeunganishwa vibaya, au lilinunuliwa bila kuulizwa swali hata moja.

Ile ya zamani kweli ilionekana afadhali, na sababu ipo. Kioo cha inchi 24 huficha kasoro. Ukichukua picha ileile hafifu ukaitandaza kwenye inchi 55, kila kasoro hutandazwa nayo. Kioo kipya hakikuharibu picha. Kimekuonyesha ulichokuwa ukipokea siku zote.

Mwaka 2025 wakulima wa chai wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamika hadharani kwamba bonasi yao ilikuwa ndogo mno kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Pesa ya jasho namna hiyo haifai kupotelea kwenye plastiki. Kwa hiyo sikiliza.

KABLA YA KULIPA

Fanya

Uliza kama boksi limeidhinishwa na Google na Netflix. Neno "Android" kwenye katoni halithibitishi chochote. Kampuni za filamu hufunga video zao kwa kufuli ya kidijitali iitwayo Widevine. Boksi lenye daraja la L1 hupewa picha kamili. Lenye L3 hupewa na Netflix picha ya kiwango cha chini, mistari 480 hivi, hata kama runinga yako ni ya 4K na intaneti yako inakimbia. Hakuna fundi atakayekubadilishia daraja hilo nyumbani kwako.

Litazame likifanya kazi papo hapo dukani. Fungua video ya YouTube, ingia kwenye mipangilio yake, uwashe takwimu za kiufundi. Zitakuonyesha ukubwa halisi wa picha inayochezwa. Muuzaji akikataa kuliwasha, ondoka.

Jua kioo chako kabla ya kukitafutia boksi. Runinga nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768. Boksi la 4K halitaongeza hata nukta moja hapo. Nunua la bei ya wastani lililoidhinishwa, pesa inayobaki inunue waya nzuri na kinga ya umeme.

Kama unataka pia vituo vya bure vya hewani, tafuta herufi DVB-T2. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. Runinga za mitumba kutoka Uingereza nyingi zimeandikwa "digital" lakini zinasoma ule mfumo wa kwanza tu. Utatafuta vituo hadi usiku wa manane na hutapata hata kimoja.

Usifanye

Usiamini namba zilizo kwenye kibandiko, wala zile zinazotokea kwenye kioo. Yapo maboksi yaliyochezewa programu ili yaseme yana kumbukumbu ya gigabaiti 16 hali yana mbili, au kwamba yana Android mpya hali ndani ni ya miaka mingi iliyopita. Boksi la aina hiyo hukwama kwenye picha nzito, kisha wewe unalaumu mtandao.

Usinunue boksi linalokuahidi chaneli zote za dunia bila kulipa kila mwezi. Hizo ni chaneli za wizi. Hukatika katikati ya mechi kwa sababu wenye haki wamezifunga. Kuna jambo baya zaidi. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa ndani ya vifaa vya nyumbani, yakiwemo maboksi ya bei rahisi ya kutazamia video. Vingine huwa vimeambukizwa kabla mnunuzi hajafungua katoni. Boksi likiambukizwa, wahalifu hupitisha shughuli zao kwenye intaneti yako. Unalipia bando, wao wanalitumia, na picha yako inakwama.

NYUMA YA RUNINGA

Hapa ndipo penye kosa ninalolikuta kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fanya

Tumia waya ya HDMI. Mama mmoja wa hapa Roret alikuwa na runinga mpya ya inchi 43 na boksi halali kabisa, la kampuni inayojulikana. Picha ilikuwa kama ya kutazamia kwenye ukungu wa alfajiri juu ya mashamba ya chai. Aliyemfungia alizichomeka zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwa sababu ndizo zilizotumika kwa king'amuzi cha zamani. Waya ya HDMI ilikuwa bado ndani ya katoni, imefungwa kwa kipande cha waya nyeusi, haijaguswa. Waya ya njano haiwezi kupitisha zaidi ya mistari 576. Boksi linatoa 1080 au 2160, waya inabana yote hadi 576, kisha runinga inainyosha picha tena kujaza kioo. Nilichomoa tatu, nikachomeka moja, nikabadilisha chanzo kwa rimoti. Kazi ikaishia hapo. Alikuwa ameshaambiwa anunue runinga nyingine.

Chagua chanzo sahihi kwa rimoti baada ya kuchomeka. Kama umechomeka HDMI 2, runinga lazima iwe kwenye HDMI 2. Nimeitwa kwa hilo pia.

Chomeka boksi la 4K kwenye tundu la HDMI linalolifaa. Kwenye runinga nyingi matundu hayalingani. Moja au mawili ndiyo hukubali 4K kamili, na mara nyingine lazima kwanza uliwashe tundu hilo kwenye mipangilio ya runinga. Kitabu cha maelezo kimeandika. Kisome.

Usifanye

Usinunue waya ya bei ya kutisha eti imepakwa dhahabu. HDMI ni ya dijitali. Waya ikitosha, picha hupita yote. Isipotosha, utaona nukta zinazometameta au kioo kinazimika na kuwaka. Kwa 4K ya picha 60 kwa sekunde, hitaji ni gigabiti 18 kwa sekunde, na waya fupi ya bei ya kawaida iliyothibitishwa inatosha.

Usiwashe kijiti cha kutazamia video mtandaoni, kile kinachochomekwa kwenye HDMI badala ya boksi, kwa umeme wa tundu la USB la runinga. Matundu mengi ya USB hutoa nusu ampea tu, na kijiti kinahitaji zaidi. Kitajizima, kitajiwasha, picha itashuka. Tumia adapta yake.

Usilisukume boksi nyuma ya runinga likabanwa na ukuta. Joto hupunguza mwendo wake, na kioo huzuia mawimbi ya Wi-Fi.

MIPANGILIO

Fanya

Weka ukubwa wa picha wa boksi ulingane na wa kioo. Maboksi mengine hutoka kiwandani yakiwa kwenye mistari 720. Hakuna atakayekubadilishia kama hubadilishi mwenyewe.

Washa, kama boksi linayo, nafasi ya kufuata mwendo wa picha ya video yenyewe. Matangazo ya Kenya hutumia mfumo wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde. Boksi likilazimishwa kutoa 60, mpira utaruka badala ya kuviringika.

Toa runinga kwenye hali ya maonyesho ya dukani. Hali hiyo huongeza rangi na mwanga ili ing'ae kuliko jirani yake kwenye rafu. Sebuleni hugeuza nyuso za watu kuwa nyekundu.

Usifanye

Usiongeze ukali wa picha ukidhani unaongeza ubora. Unachora kingo nyeupe kuzunguka kila mtu. Ushushe.

Usivute picha ya zamani ya mraba ijaze kioo kipana. Unanenepesha watu, kisha unaniambia boksi ni bovu.

MTANDAO

Fanya

Pima kasi pale boksi lilipo, si pale ruta ilipo. Netflix yenyewe inasema picha ya 720 inataka megabiti 3 kwa sekunde, ya 1080 inataka 5, ya 4K inataka 15. Kama sebuleni unapata 2, umepata jibu lako.

Pima tena saa mbili usiku. Mnara wa simu unaowahudumia watu wengi husongwa jioni. Picha safi saa nne asubuhi na mbaya saa mbili usiku si ugonjwa wa boksi.

Vuta waya ya intaneti kutoka kwenye ruta hadi kwenye boksi kama unaweza. Kama huwezi, tumia Wi-Fi ya gigahezi 5 mkiwa chumba kimoja, na ya 2.4 kama kuna kuta katikati. Ya 5 ina kasi lakini haipendi kuta.

Weka ruta ya 4G dirishani, juu, upande wa mnara. Mabati huzuia mawimbi. Ruta iliyowekwa juu ya friji katikati ya nyumba ya mabati haipokei chochote cha maana.

Kama unatumia Starlink, intaneti ya setilaiti, kata mikaratusi inayoziba sahani yake, au hamisha sahani. Huduma hiyo iliingia Kenya Julai 2023 na wengi huku wameipokea, lakini sahani inahitaji anga wazi. Kila tawi linalopita mbele yake ni picha inayokwama.

Usifanye

Usianze 4K kwa bando dogo. Kwa hesabu ya Netflix, saa moja ya picha ya kawaida hula gigabaiti 1 hivi, ya 1080 hula 3, ya 4K hula 7. Filamu moja na bando limekwisha, kisha mtandao unapunguzwa kasi na unaona chenga za miraba.

Usilaumu boksi huku watoto wanapakua michezo kwa simu tatu.

ANTENA

Fanya

Soma ubora wa mawimbi, siyo nguvu peke yake. King'amuzi huonyesha mistari miwili. Watu hutazama ule wa nguvu, wakiuona umejaa wanaridhika. Nguvu ikiwa 90 na ubora 20, unapokea kelele nyingi. Zungusha antena polepole, ukisubiri kila mara sekunde chache, hadi ubora upande.

Tazama antena za majirani zimeelekea wapi na vijiti vyake vimelala vipi. Huku kwetu kuna vilima na mabonde, hatua chache tu upande wa pili wa nyumba hubadilisha kila kitu.

Usifanye

Usitegemee picha ya chenga inayovumilika kama enzi za analogi. Analogi ilizimwa 2015. Mawimbi ya dijitali huwa safi, kisha hukatikakatika vipande, kisha hupotea kabisa. Hakuna nusu.

Usiweke kiongeza mawimbi nyuma ya runinga ukidhani kitaokoa antena mbovu. Kinakuza kelele pamoja na picha. Mahali pake ni karibu na antena, na kama antena imeelekea kilima hakuna kitakachosaidia.

Usigawe waya moja kwa runinga tatu. Kugawa kwa runinga mbili tu kunaiachia kila moja nusu ya mawimbi.

UMEME NA RADI

Fanya

Chomeka runinga na boksi kwenye TV gadi ya kweli, ile kinga ya umeme. Stima ikirudi baada ya kupotea, hurudi kwa kishindo, na adapta ya boksi ndiyo hufa kwanza. Adapta iliyoumia nusu hutoa umeme usiotulia, na wewe unaona picha inayozimika.

Chomoa waya ya stima na waya ya antena mawingu yakianza kunguruma. Zote mbili. Eneo hili la Kericho linajulikana duniani kwa mvua yake ya mawe, na radi huja pamoja nayo. TV gadi haizuii radi inayoingia kupitia antena.

Usifanye

Usipande juu ya mabati wakati wa mvua au mabati yakiwa bado na maji. Hakuna mechi inayostahili shingo yako.

Usisimamishe mlingoti wa chuma karibu na waya za Kenya Power. Mlingoti ukiinama ukagusa waya, aliyeushika hufa. Sihitaji kuongeza neno hapo.

Usimtume kijana wa shule apande akurekebishie kwa sababu ni mwepesi. Wewe ndiye mtu mzima.

Kama umefanya yote haya na picha bado ni mbaya, basi huenda boksi ni bovu kweli. Libebe pamoja na adapta, waya zote, katoni na risiti, ulirudishe dukani kabla siku za dhamana hazijaisha. Na kama hukudai risiti siku ile ya kununua, anza kuidai kuanzia leo, kwa kila kifaa unacholipia.